Viungo vya kuingia

Viungo vya kuingia ni viungo vilivyowekwa katika tovuti moja ili kumpeleka msomaji kwenye tovuti nyingine. Injini za utafutaji huvichukua kama ushahidi wa kuaminika: ukurasa unaotajwa na kurasa zenye sifa hupanda katika matokeo. Msingi huo uliwekwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waanzilishi wa Google, katika kanuni yao ya PageRank.

Uzito wa viungo haulingani hata kidogo. Nyumba ya wageni ya Mji wa Kale, Mombasa, ikiunganishwa na ukurasa wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya kuhusu Ngome ya Yesu, Urithi wa Dunia tangu 2011, hupata nguvu kubwa, kwa kuwa chanzo kinaheshimika na mada zinakaribiana. Kiungo kimoja cha namna hiyo chaweza kushinda mamia yaliyorundikwa katika orodha za matangazo zisizohusu Mombasa. Maneno yanayobeba kiungo nayo yana kazi: "malazi Ndia Kuu", kwa jina la barabara ya Mji wa Kale, hueleza mengi kuliko "bofya hapa".

Alama ya nofollow, iliyoanza 2005, huiashiria injini isikipe kiungo uzito. Wikipedia huiweka kwenye viungo vyake vya nje, hivyo viungo hivyo huleta wasomaji zaidi kuliko cheo.

Viungo vya kununua ni hasara tupu kwa mfanyabiashara mdogo. Google ilianza kuzishusha tovuti zinazovitegemea Aprili 2012 kwa mfumo wa Penguin. Tangu 2016 mfumo huo huvipuuza tu.