Mizani ya Wahafidhina wa Kijamii katika Chaguzi za Mchujo za Chama cha Republican, Marekani, 1988–2016

Wahafidhina wa kijamii nchini Marekani, hususan Wakristo wa kiinjili wanaopinga utoaji mimba, huelezwa mara nyingi kuwa kundi linalompigia kura mgombea anayefanana nalo kiimani. Historia ya chaguzi za mchujo haithibitishi dai hilo kikamilifu. Hoja ya makala haya ni kwamba imani ya mgombea ilipimwa sambamba na uwezo wake wa kushinda na uhakika kwamba angetimiza ahadi, hasa ya uteuzi wa majaji.

Mwaka 1988, mhubiri wa televisheni Pat Robertson alishika nafasi ya pili katika mikutano ya uteuzi ya Iowa, mbele ya Makamu wa Rais George H. W. Bush. Mikutano hiyo huhudhuriwa na wachache, hivyo mitandao ya makanisa ilimnufaisha. Hata hivyo, katika South Carolina, jimbo lenye Wakristo wa kiinjili wengi, Bush alimshinda.

Mvutano huo ulidhihirika zaidi kuelekea uchaguzi wa 2008. Mike Huckabee, mchungaji wa Kibaptisti na gavana wa zamani wa Arkansas, alionekana kuwa chaguo la wazi. Lakini viongozi waligawanyika. Mnamo Novemba 2007, Robertson alimuunga mkono Rudy Giuliani, aliyetetea haki ya kutoa mimba, akitanguliza vita dhidi ya ugaidi. Paul Weyrich alimchagua Mitt Romney, Seneta Sam Brownback alimuunga mkono John McCain, na National Right to Life ikamwidhinisha Fred Thompson. Waumini wa Iowa hawakuwafuata: Huckabee alishinda kwa takriban asilimia 34. Siku 16 baadaye, katika South Carolina, McCain alipata asilimia 33, Huckabee 30 na Thompson 16. Haiwezi kudaiwa kwamba kura zote za Thompson zingemwendea Huckabee; lililo bayana ni kwamba kundi lenye msimamo mmoja kuhusu utoaji mimba halikuwa na mgombea mmoja.

Mwaka 2016, Ted Cruz alishinda Iowa, lakini Donald Trump, aliyewahi kutetea haki ya kutoa mimba, alishinda South Carolina. Mnamo Mei, baada ya wapinzani wake kujitoa, Trump alitangaza orodha ya majina 11 ambayo angeteua miongoni mwao jaji wa Mahakama ya Juu. Wasiwasi kuhusu mwenendo wake binafsi ulijibiwa kwa ahadi iliyoandikwa.

Kwa kuhitimisha, kufanana kiimani kulimfungulia mgombea mlango bila kumhakikishia uteuzi. Mtafiti anayehesabu waumini pekee, bila kuchunguza walichohofia kupoteza, hataweza kueleza kwa nini mchungaji alishindwa palipojaa waumini.