Tarehe Pungufu: Mwaka Usio na Siku

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880 hivi, na vyanzo havitupi mwezi wala siku. Taarifa hizi mbili zikiingizwa katika hifadhidata isiyokubali kitu ila tarehe iliyotimia, ya kwanza hupita kama ilivyo, na ya pili hutafutiwa siku na mwezi ili nayo ipite. Siku inayobandikwa mara nyingi huwa ni hiyohiyo 1 Januari. Kuanzia hapo mashine haina tena njia ya kubainisha kwamba Januari moja imetoka katika maisha ya mtu na nyingine imetoka kwa mtunzi wa programu. Ukiomba orodha ya waliozaliwa siku ya Mwaka Mpya utapewa wote wawili, pamoja na kundi kubwa la watu ambao siku zao za kuzaliwa hakuna aliyepata kuziandika. Ndivyo ilivyo pia kwa wakimbizi wengi waliopokewa Marekani bila cheti cha kuzaliwa: hati zao zimeandikwa 1 Januari kwa sababu fomu ilidai siku.

Tarehe inayotaja mwaka peke yake, au mwaka na mwezi bila siku, naiita tarehe pungufu. Istilahi hii itenganishwe mapema na jirani yake, tarehe ya makadirio, kwa maana mara nyingi huchanganywa. Tukisema tukio fulani lilitokea Machi 1844 na tuna hakika na mwezi huo, tarehe yetu ni pungufu lakini si makadirio. Tukisema 1880 hivi, kama kwa Siti, tarehe ni pungufu na ni makadirio kwa pamoja. Upungufu unahusu ukubwa wa kipimo tulichotumia. Ukadiriaji unahusu kiasi cha hakika tuliyo nayo. Mfumo unaoyaweka mambo haya mawili katika kisanduku kimoja utashindwa kutofautisha mtafiti anayejua mwaka barabara na yule anayebahatisha.

Wapo watakaosema neno pungufu linanuka kasoro, na kwamba kitu kikishaitwa pungufu watu hukimbilia kukijaza. Hoja hiyo ina uzito, maana ujazaji ndio hasa ninaoupinga. Lakini sarufi yetu imelitumia neno hili kwa muda mrefu bila madhara. Ni na si huitwa vitenzi vishirikishi vipungufu kwa sababu havibebi alama za wakati, na hakuna mwalimu anayemwambia mwanafunzi kwamba sentensi “Juma ni fundi” ina kosa au inasubiri kukamilishwa. Upungufu huo ni maelezo ya umbo tu, na kazi ya sentensi imetimia. Tarehe isiyokamilika, istilahi ambayo wengine wangeipendelea, ndiyo yenye hatari zaidi: hudokeza kwamba kuna sehemu iliyobaki ambayo mtu mwenye bidii ataileta baadaye. Tena Kiswahili cha kila siku kinatusaidia hapa. Anayeulizwa “leo tarehe ngapi?” hujibu kwa namba ya siku ndani ya mwezi, hatajibu kwa mwaka. Neno tarehe lenyewe huelekea kwenye siku, na kwa hiyo tarehe isiyo na siku inahitaji kivumishi kitakachomwonya msomaji, na programu, kwamba siku haimo.

Waliobuni aina za data za wavuti wa kisemantiki, yaani wavuti wenye data zinazosomeka na mashine, walilijua jambo hili. Katika RDF, mfumo ambao data hizo huandikwa kwao, kila taarifa ni kauli ya sehemu tatu: kitu, sifa yake, na thamani ya sifa hiyo. Thamani inaweza kubandikwa aina ya data inayoiambia mashine isome vipi herufi zilizopo. Aina zenyewe zimeazimwa kutoka XML Schema, sanifu iliyopitishwa na shirika la W3C mwaka 2001, na humo hamna tarehe moja tu. Ipo xsd:date kwa siku kamili, xsd:gYearMonth kwa mwezi wa mwaka fulani, na xsd:gYear kwa mwaka mtupu. Ipo hata xsd:gMonthDay kwa siku inayorudi kila mwaka, ambayo ingefaa kuandikia Sabasaba: --07-07. Herufi g hapo ni ya kalenda ya Gregori, na nitairudia. La muhimu ni kwamba 1880 iliyoandikwa kama xsd:gYear haimaanishi tarehe iliyopotelewa na siku. Inamaanisha mwaka mzima, kuanzia mwanzo wake hadi mwisho, kama thamani moja inayojitosheleza. Kwa hiyo anayeiandika amesema yote anayoyajua, na hajasema zaidi.

Kama aina sahihi zipo, mbona watu wanajaza? Sababu kubwa ni hesabu, na wanaoitetea wana hoja halisi. Lugha ya kuulizia data hizi, SPARQL, katika toleo la 2013 inahakikisha ulinganisho wa xsd:dateTime, yaani tarehe pamoja na saa. Aina nyingine zimeachiwa kila programu iamue yenyewe. Tuseme mtafiti anataka watu wote waliozaliwa kabla ya tarehe 1 Juni 1880. Rekodi yenye gYear ikilinganishwa na siku kamili huleta kosa la aina, na katika SPARQL kosa ndani ya kichujio halipigi kelele: rekodi huachwa nje tu. Mtafiti hupata jibu lenye pengo asilojua kuwa lipo. Mbele ya hatari hiyo, anayejaza 1 Januari anaweza kusema kwamba yeye angalau hampotezi mtu.

Kweli hampotezi, ila anamweka mahali asipopajua. Swali la kama Siti alizaliwa kabla ya Juni 1880 lina jibu moja la kweli, nalo ni huenda. Data iliyojazwa hujibu ndiyo, na hujibu kwa sauti ileile inayomjibia mtu mwenye cheti. Dawa yake inajulikana tayari katika makumbusho na nyaraka: andika mipaka miwili, siku ya mapema kabisa inayowezekana na siku ya mwisho kabisa. Modeli ya CIDOC CRM, inayotumiwa sana kwa data za urithi wa utamaduni, ina sifa mahususi kwa kazi hiyo, P82a kwa mwanzo na P82b kwa mwisho. Mwaka mtupu hupewa 1 Januari na 31 Desemba, na makadirio hupewa upana ambao mhariri yuko tayari kuutetea. Hapo 1 Januari inaonekana tena katika rekodi, lakini safari hii inasema kweli, kwa kuwa imetajwa kama mpaka. Mashine inapanga, inalinganisha, na inaweza kutenga hakika ndiyo, hakika hapana na huenda. Gharama ni kuandika thamani tatu badala ya moja, yaani tarehe pungufu yenyewe na mipaka yake. Sioni kuwa ni gharama kubwa kwa kazi inayokusudiwa kudumu.

Pingamizi la pili ni kwamba yatosha kujaza tarehe na kuweka pembeni namba ya kiwango cha usahihi. Wikidata, iliyoanzishwa mwaka 2012, imefuata njia hiyo: kila tarehe huambatana na namba, 9 ikiwa ni mwaka, 10 mwezi, 11 siku. Ni mpango mzuri kwa mwenye kuisoma namba hiyo. Lakini katika RDF mwezi na siku haviwezi kuwa sifuri, na hivyo mwaka 1880 hutoka kama 1880-01-01T00:00:00Z, huku kiwango kikikaa kwenye tawi jingine ambalo swali fupi halilifikii. Anayeuliza kwa njia ya mkato hupata Januari isiyo na onyo lolote. Herufi Z mwishoni huongeza jambo: huo ni usiku wa manane kwa saa za ulimwengu, ambao Dar es Salaam ni saa tisa usiku wa siku hiyohiyo. Programu iliyopo New York, ikiugeuza kwa saa za huko za leo, itaonyesha saa moja jioni ya 31 Desemba 1879. Mwaka, kitu pekee kilichojulikana, umebadilika.

Sanifu ya ISO 8601-2 ya 2019 ilileta mwandiko unaoyabeba haya katika tungo moja: 1880~ kwa makadirio, 1880? kwa shaka, 188X kwa mwaka usiojulikana ndani ya muongo. Naupenda kwa kutunza kauli ya chanzo, ingawa injini nyingi za SPARQL huuona kama maneno matupu na haziwezi kuupanga. Utumike pamoja na mipaka, usiwe badala yake.

Kunabaki ile herufi g. Nakala ya kale ya Utendi wa Tambuka, utungo wa Mwengo bin Athumani wa Pate, ina tarehe ya mwaka 1141 wa Hijria, ambao vitabu vingi huuandika 1728. Mwaka ule ulianza Agosti 1728 na kwisha Julai 1729. Kuandika 1728 kama xsd:gYear ni kuingiza miezi saba ambayo haiwezekani na kufuta miezi mingine ambayo inawezekana kabisa. Kuandika 1141 kwa aina hiyohiyo ni kuirudisha nakala nyuma karibu karne sita. Rekodi iliyo sawa itautunza mwaka 1141 kama mwandishi wa nakala alivyouandika, ikitaja kalenda yake, na kando yake iweke mpaka wa Agosti 1728 na mpaka wa Julai 1729.