Siku Iliyotajwa Ikipita

Katika somo lililotangulia tulisema juu ya kurudi kwa Bwana wetu Yezu Kristu siku ya mwisho. Leo twataka kutazama jambo moja la historia. Mara nyingi watu wametaja tarehe ya siku ile, wakaingoja kwa moyo wote, nayo ikapita kama siku nyingine. Je, kesho yake asubuhi, wale walioamini walifanya nini?

Swali hili si la kuchekea watu. Mtu aliyengoja namna hiyo aweza kuwa ndugu yako au jirani yako, na pengine siku moja atabisha hodi mlangoni pako. Yafaa ujue alikotoka kabla ya kumfungulia.

Tuanze na habari za upande wetu huu wa Afrika. Mwaka 1908, katika nchi ya Nyasaland, ambayo leo yaitwa Malawi, alirudi kwao mtu mmoja wa kabila la Watonga, jina lake Elliot Kenan Kamwana. Alikuwa amesoma katika shule za misioni ya Waskoti ya Livingstonia, kisha akaenda Afrika ya Kusini, na huko akapokea mafundisho ya Charles Taze Russell wa Marekani, mwanzilishi wa chama cha Watch Tower, maana yake Mnara wa Mlinzi. Russell alikuwa amehesabu miaka katika Maandiko, akafundisha kwamba nyakati za watawala wa dunia hii zitakoma mwaka 1914. Kamwana akaichukua tarehe hiyo, akaitia katika maisha ya watu wake. Akawaambia: Oktoba 1914 Kristu atakuja, Wazungu wataondoka, wala kodi haitalipwa tena. Katika miezi michache alibatiza watu wapata 10,000.

Tujiulize sababu. Kodi ya nyumba ilikuwa mzigo mzito, na mwanamume asiyekuwa na fedha alilazimika kuacha mke na watoto, aende mbali kutafuta kazi. Hata misioni ilikuwa na mlango mwembamba: shule ilitaka karo, na mwenye kuomba ubatizo alingoja muda mrefu. Kamwana alibatiza upesi, naye aliwalaumu wamisionari kwa karo zao. Basi watu wale hawakuamini hesabu ya miaka tu. Waliamini kwamba taabu yao ina mwisho, na kwamba mwisho huo waweza kuhesabiwa kwa vidole. Serikali ikaogopa. Mwaka 1909 Kamwana alikamatwa akahamishwa mbali na nchi yake.

Kisha mwaka 1914 ukafika, na pamoja nao ikafika vita kubwa. Tarehe 22 Agosti meli ya Wajerumani iitwayo Hedwig von Wissmann iliishambulia meli ya Wabelgiji huko Lukuga, katika ziwa letu hili la Tanganyika, karibu na mahali ambapo leo ni mji wa Kalemie. Tarehe 9 Septemba Wajerumani waliishambulia Karonga, kaskazini ya Nyasaland. Aliyekuwa akingoja Oktoba akisikia mizinga, angesemaje, ila kwamba maneno yametimia? Lakini Oktoba ikaja, ikapita. Wazungu hawakuondoka, bali walizidi kudai, kwa maana jeshi lilitaka wapagazi. Kodi ikalipwa kama zamani.

Tukisoma historia twaona kwamba watu waliofikwa na asubuhi kama hiyo wameshika njia nne.

Njia ya kwanza ni kuondoka na kuacha. Wala tusidhani mambo haya ni ya madhehebu mengine tu. Katika Italia, wafuasi wa Abate Joakim wa Fiore, aliyekufa mwaka 1202, walihesabu namba za Kitabu cha Ufunuo, wakasema mwaka 1260 kizazi kipya kitaanza. Walikuwa Wakatoliki, na wengine walikuwa watawa. Mmoja wao, Ndugu Salimbene wa Parma, Mfransisko, aliandika baadaye kwamba mwaka ule ulipopita aliyaweka kando mafundisho hayo yote. Hakuacha imani yake wala utawa wake. Aliacha hesabu peke yake. Wenye moyo kama wake wamekuwapo kila mara, lakini hawavumi, kwa sababu mtu anayerudi nyumbani hapigi ngoma.

Njia ya pili ni kuisogeza tarehe. Huko Marekani mkulima mmoja, William Miller, alihubiri kwamba Bwana atarudi kati ya Machi 1843 na Machi 1844. Muda huo ulipokwisha, wafuasi wake walishika siku nyingine, tarehe 22 Oktoba 1844, nao waliingoja kwa ari kuliko kwanza. Wengine waliacha mazao yao shambani bila kuvunwa. Russell naye alifariki mwaka 1916, na waliomfuata wakaelekeza macho mwaka 1925, wakingojea kufufuka kwa Abrahamu, Isaka na Yakobo. Mwaka huo nao ukapita, na wengi wakatoka katika chama.

Njia ya tatu ni kusema kwamba jambo lilitokea kweli, ila macho hayakuliona. Baadhi ya wafuasi wa Miller walisema kwamba siku ile Kristu hakushuka duniani, bali aliingia katika patakatifu pa mbinguni. Kutoka kwao lilizaliwa Kanisa la Waadventista wa Sabato, lililoundwa mwaka 1863, na leo lina shule na hospitali katika nchi nyingi, hata za Afrika. Watu wa Watch Tower nao hufundisha kwamba mwaka 1914 Kristu alianza kutawala mbinguni, bila kuonekana. Twaona basi kwamba siku iliyopita yaweza kuwa mwanzo wa kanisa, wala si mwisho wake.

Njia ya nne ni ya hatari: kumtafuta mwenye kosa. Kati ya Waxhosa wa Afrika ya Kusini, mwaka 1856, msichana Nongqawuse alisema kwamba wazee waliokufa watafufuka, ikiwa watu watachinja ng'ombe wao na kuacha kulima. Siku ya kwanza ilipopita bila kitu, wenye kuamini hawakusema, tumedanganyika. Walisema, ni kosa la wale waliokataa kuchinja. Wakachinja zaidi. Siku ya mwisho ilikuwa Februari 1857. Hukadiriwa kwamba ng'ombe wapata 400,000 walikufa, na watu wapata 40,000 wakafa njaa. Hata katika Katanga yetu, mwaka 1925, mtu wa Nyasaland aitwaye Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, yaani Mwana wa Mungu, alivuka mpaka kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Alihubiri kwamba nchi mpya i karibu, lakini wachawi waondolewe kwanza. Aliwazamisha watu mtoni kama kwa ubatizo, na aliyeonwa kuwa mchawi hakutoka majini akiwa hai. Wengi waliuawa namna hiyo pande zote mbili za mpaka, na yeye mwenyewe alinyongwa na serikali ya Waingereza mwaka 1926.

Basi, kwa nini mtu asione tu kwamba siku imepita, akaenda zake? Tazameni aliyoyatoa. Aliyetoa neno lake tu aweza kulirudisha. Aliyeuza shamba, aliyegombana na ndugu zake, aliyeachisha watoto shule, huyo arudi wapi? Akikiri kwamba siku ilikuwa ya uongo, atakiri pia kwamba shamba limekwenda bure. Mfa maji haachi kutapatapa, naye hushika kamba ileile iliyomvuta majini.

Jambo hili lilionekana wazi katika Uganda. Huko Kanungu, chama kilichojiita cha kurudisha Amri Kumi za Mungu kilitangaza kwamba dunia itakwisha mwisho wa mwaka 1999. Viongozi hawakuwa wageni kwa Kanisa: Joseph Kibwetere alikuwa mwalimu Mkatoliki, Credonia Mwerinde alisema anatokewa na Bikira Maria, na Dominic Kataribabo alikuwa padri aliyekwisha kukatazwa kazi na askofu wake. Wafuasi waliuza mali zao, fedha wakawapa viongozi. Tarehe 31 Desemba ikapita. Habari zilizokusanywa baadaye zasema kwamba baadhi yao walianza kudai mali zao. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa lao liliteketea kwa moto, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, na mamia ya watu walikufa, watoto pia. Kisha maiti nyingine zikafukuliwa katika nyumba za chama. Hapo twajifunza kwamba hatari kubwa haiko kabla ya siku iliyotajwa, bali baada yake, hasa pale ambapo kiongozi ameshika mali za watu na hana cha kuwarudishia.

Turudi sasa kwenye ziwa letu. Je, baada ya Oktoba 1914 tumaini la Kamwana lilikufa? La. Mwaka 1917 wahubiri wa Watch Tower waliofukuzwa Rhodesia ya Kusini walirudi kwa Wamambwe, kusini ya Ziwa Tanganyika, karibu na Abercorn, ambayo leo yaitwa Mbala. Kati yao alikuwa Hanoc Sindano. Wakati huo vita ilikuwa imewachosha watu kwa kubeba mizigo ya jeshi. Mahubiri yakawaka upya, na mwanzoni mwa mwaka 1919 watu zaidi ya mia moja walikamatwa. Mafundisho yakavuka mpaka, yakaingia katika miji ya machimbo ya Katanga, na jina la Kiingereza la Mnara likageuka kuwa Kitawala. Mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku katika Katanga. Mwaka huohuo Kamwana aliruhusiwa kurudi kwao, akaanzisha kanisa lake mwenyewe, akaliongoza hata alipokufa mwaka 1956. Mwaka 1960 Wabelgiji waliacha utawala wa Kongo. Kitawala hakikwisha, na hata leo kingali na wafuasi. Tarehe hufa, haja haifi. Mzigo uliowafanya watu watamani siku ile ulibaki mabegani mwao, kwa hiyo na tamaa ikabaki.

Wakristu wa kwanza nao walijua jambo hili. Huko Tesalonika baadhi yao walisadiki kwamba siku ya Bwana i mlangoni, wakaacha kazi, wakawa mzigo kwa wenzao. Mtume Paulo hakuwaambia waache kungoja. Aliwaambia wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe. Tena aliagiza kwamba asiyetii aonywe kama ndugu, asihesabiwe adui. Hapa Mpala, ambapo Mapadri Weupe walifika mwaka 1885, twajua jinsi kazi ya kungoja ilivyo ndefu. Stefano Kaoze, padri Mkongo wa kwanza wa nyakati zetu, alipewa upadri huko Baudouinville tarehe 21 Julai 1917, vita ikiwa haijaisha. Miaka ileile watu wengine walihesabu siku za mwisho, wengine walifundisha watoto kusoma.

Basi, akija kwako mtu ambaye siku yake imepita, usimuulize kwanza, Iko wapi siku yako? Mwenye kovu usidhani amepoa. Muulize amekula nini, na shamba lake liko mikononi mwa nani. Mtu aliyechekwa hurudi kwa yule aliyemdanganya, kwa sababu huko angalau hachekwi. Aliyepewa jembe na mahali pa kulima aweza kuacha tarehe yake bila kuacha tumaini lake.

Maswali ya kujibu pamoja na mwalimu

1. Kwa nini watu wengi walimwamini Kamwana mwaka 1908 na 1909?

2. Taja njia nne wanazoshika watu siku iliyotajwa ikipita. Ni ipi iliyo ya hatari kuliko zote, na kwa nini?

3. Mtu akikuambia uuze shamba lako kwa ajili ya siku aliyoitaja, utamuuliza nini kabla ya kumjibu?

4. Katika kijiji chenu, aliyepoteza mali yake namna hiyo angepata wapi mahali pa kulima?