Tairi Kipara na Pua ya Gari Iliyoinuliwa

Askari wa usalama barabarani akikukuta na tairi kipara, ndugu msikilizaji, huna la kujitetea. Utalipa faini, utasemwa mbele ya abiria wako, na pengine gari litalala kituoni mpaka upate tairi lenye mistari. Lakini wako watu huko Marekani ambao kwa zaidi ya miaka 60 wamekuwa wakinunua tairi kipara kwa bei ya kuumiza, jipya kabisa kutoka kiwandani. Na si wendawazimu hao. Wamefika hapo kwa safari ndefu ya kujaribu na kukosea, na safari hiyo ndiyo mazungumzo yetu ya wiki hii.

Chanzo ni barua. Kijana mmoja wa hapa Dar es Salaam, mwenye Datsun 120Y aliyoachiwa na baba yake, ameona picha ya gari la kale la Kimarekani lililoinuliwa pua kama mashua iliyopandishwa mchangani. Anauliza kama naye akiinua lake hivyo litaondoka kwa kasi zaidi. Fundi wake wa kwanza amemwambia ndiyo, ainue. Fundi wa pili amesema gari la mbio hushushwa mpaka likaribie kulala chini. Amebaki njia panda, fedha mkononi.

Mimi naona mafundi wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja amesema kweli ya mwaka wake.

Twende California. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, vijana wa huko walichukua Ford kuukuu, wakazivua kila kilichokuwa na uzito usio wa lazima, wakaenda kuzikimbiza kwenye maziwa yaliyokauka jangwani, kama lile la Muroc. Chama chao kiliundwa mwaka 1937. Kule uwanja ulikuwa mrefu, gari lilipata nafasi ya kuchanganya polepole mpaka kufikia kasi yake ya mwisho. Adui alikuwa upepo. Kwa hiyo paa lilikatwa, gari likashushwa, na hekima ya fundi wetu wa pili ikazaliwa hapo.

Baada ya vita mambo yakabadilika. Vijana walirudi kutoka jeshini wakiwa na ujuzi wa mitambo na fedha kidogo, na magari ya miaka ya 1930 yalikuwa rahisi kupatikana. Viwanja vya ndege navyo vilikuwapo. Mwaka 1950 mashindano ya kulipia kiingilio yalianza kwenye uwanja wa ndege wa Santa Ana, na mwaka 1951 Wally Parks akaanzisha chama cha NHRA, ambacho kilitaka vijana watoke barabarani, waache kuua watu, waende kushindana mahali penye ulinzi na kanuni. Umbali uliozoeleka ukawa robo maili, yaani kama meta 402. Magari mawili yanasimama sambamba, yanaondoka kwa pamoja, anayefika kwanza ndiye mshindi. Mbio hizo ndizo ziitwazo dragi.

Katika meta 402 upepo si adui wa kwanza. Adui wa kwanza yuko chini ya tairi la nyuma, katika zile meta chache za kuondokea. Kila aliyewahi kusukuma kabati zito anajua kwamba ugumu uko katika kulianzisha; likishaanza kuteleza linakwenda. Tairi nalo ni hivyohivyo. Likiwa linaviringika bila kuteleza, linaing'ang'ania ardhi vizuri. Likishaanza kuzunguka bure, mshiko unapungua, na ile nguvu yote ya injini uliyoigharamia inageuka moshi na harufu ya mpira. Ndiyo maana kijana aliyefunga injini kubwa kuliko ya mwenzake aliweza kuachwa pale mstarini, akipiga kelele tu.

Dawa ya kwanza iliyofikiriwa ni ileile tunayoijua sisi wa nchi za matope. Pikapu ikikwama wakati wa masika, utingo hupanda nyuma, abiria nao huambiwa wapande, wakati mwingine hutiwa mawe. Hata baadhi ya magari ya Safari Rally yalifungwa vishikio nyuma ili msoma ramani asimame pale na kurukaruka mpaka gari lichomoke. Uzito juu ya tairi linalosukuma ni mshiko. Wamarekani wakahamisha betri kwenye buti. Wakasogeza injini nyuma. Na baadhi yao wakaja na jambo ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza hudhani ni mzaha: wakaliinua gari juu.

Hebu tulipigie hesabu. Gari likiondoka kwa nguvu, uzito wake huegemea nyuma, kama vile kondakta aliyesimama ndani ya basi anavyoyumbia nyuma dereva akikanyaga mafuta. Kiasi cha uzito kinachohamia nyuma kinategemea mambo matatu: nguvu ya kuondokea, urefu wa kitovu cha uzito kutoka chini, na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Chukua gari la kilo 1500, umbali wa ekseli zake meta 2.5, kitovu cha uzito nusu meta kutoka ardhini. Likisukumwa kwa nguvu sawa na nusu ya uzito wake, kilo 150 zinahamia nyuma. Sasa inua kitovu hicho kwa sentimita 20. Zinakuwa kilo 210. Umeongeza kilo 60 juu ya tairi za nyuma bila kupakia hata jiwe moja.

Waliolifanya hilo kwa kalamu na karatasi kabla ya spana walikuwa wahandisi vijana wa kampuni ya Chrysler, waliounda kikundi chao cha Ramchargers. Walichukua Plymouth ya mwaka 1949, gari la kawaida la watu wa biashara ndogondogo, wakalipandisha juu kwa makusudi, wakatia injini ya Hemi yenye mabomba marefu ya kuvutia hewa yaliyochomoza juu ya boneti. Wakaliita High and Mighty, na mwaka 1959 likashindana kwenye mashindano ya taifa ya NHRA huko Detroit. Kwa sura lilikuwa kichekesho. Mimi picha zake hunifurahisha kuliko za magari mengi mazuri, maana kila ubaya ulioko pale una sababu yake.

Miaka ya mwanzo ya 1960 magari yaliyoinuliwa pua yakawa mengi. Maarufu zaidi yalikuwa ya Willys, kampuni ileile tunayoijua huku kwa Jeep. Magari yake madogo ya kabla ya vita yalikuwa mepesi, na sheria za daraja lao ziliruhusu injini kusogezwa nyuma kwa asilimia 10 ya umbali kati ya ekseli. Chini ya pua iliwekwa ekseli moja iliyonyooka, kama ya lori. Timu iliyovuma sana ni ya Stone, Woods na Cook. Wawili wa kwanza, Fred Stone na Tim Woods, walikuwa weusi, na dereva wao Doug Cook alikuwa mzungu, katika miaka ambayo kwenye majimbo mengi ya nchi ile watu hao watatu wasingeruhusiwa kuketi meza moja hotelini. Willys yao ya 1941 ilijulikana nchi nzima.

Lakini wakati mafundi wakiinua pua, watengeneza tairi nao hawakulala. Tairi kipara za mwanzo zilikuwa kuukuu zilizobandikwa mpira mpya usio na mistari. Mistari kazi yake ni kutoa maji. Kwenye lami kavu inapunguza tu mpira unaogusa ardhi. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1950 Marvin Rifchin na baba yake Harry, wa kampuni ya M&H huko Massachusetts, wakaanza kutengeneza tairi la dragi tangu mwanzo, kwa mpira laini unaonata. Katika miaka ya 1960 likaja lingine lenye ubavu mwembamba, linalotiwa upepo kidogo. Gari likiondoka, ubavu unajikunja kama soksi, tairi linalala chini na kugusa ardhi kwa eneo kubwa zaidi.

Hapo ndipo pua ndefu ilipoanza kuwa mzigo. Gari la juu lenye mshiko mkubwa halitulii. Magurudumu ya mbele yananyanyuka, na usukani wa gari ambalo magurudumu yake ya mbele yako hewani ni pambo. Magari ya Willys yakaanza kushushwa. Waliobaki na pua juu wengi walibaki nayo kwa sababu watazamaji waliipenda.

Chrysler wenyewe walishaachana na njia ya kupandisha. Mwaka 1965 waliyakata magari yao, wakaisogeza ekseli ya nyuma mbele kwa inchi 15 na ya mbele kwa inchi 10, ili gari zima likae nyuma. NHRA iliyakataa katika daraja lililokusudiwa. Mwaka huohuo bingwa wa NASCAR, Richard Petty, ambaye Chrysler ilikuwa imejitoa huko kwa ugomvi wa injini ya Hemi, alikuwa akiendesha Barracuda ya dragi. Tarehe 28 Februari, mjini Dallas katika jimbo la Georgia, gari lilimtoka mkononi likaingia kwa watazamaji. Mtoto mmoja wa kiume alikufa. Na pale palikuwa uwanja wa mashindano, si barabara ya watu.

Sasa, kijana wangu wa Datsun. Usiinue pua. Anza na tairi za nyuma, uhakikishe ni laini na zinalingana, maana fedha utakayotumia kwenye injini kabla ya hapo utaivuta kama moshi. Kisha chungulia springi za nyuma. Injini ikivuta, propela inalazimisha ekseli kujipinda, gurudumu la kulia linapunguziwa uzito na ndilo huzunguka bure. Chrysler walilitibu hilo kwa springi za kulia zilizo ngumu kuliko za kushoto, na kwa kuikaza sehemu ya mbele ya springi isijikunje. Fundi mzuri wa springi Gerezani ataelewa ukimweleza. Difu inayofunga magurudumu yote mawili pamoja ni hatua ya baadaye, na ukiifunga ujue kwamba ekseli ya 120Y haikutengenezwa kwa ajili ya mateso hayo.

Tairi kipara usizifunge kabisa mpaka uwe na uwanja uliofungwa, wenye kibali na ukuta wa kuwakinga watazamaji. Barabara ya Bagamoyo saa nane za usiku si uwanja. Na baada ya hapo nipigie picha gari hilo uniletee, ila kabla ya kulipaka rangi.