Pai ya Kuku Iliyozaa Ukumbi

Mashoga zangu, bibi harusi akija kwangu kupima gauni, njaa ndiyo humtoa dukani kabla hajachagua. Hata Chicago ilikuwa hivyo, tena wao vibaya zaidi: mikahawa mingi ya heshima haikumpokea mwanamke asiye na mwanamume pembeni, basi akirudi nyumbani kula. Inasimuliwa kwamba Bi Hering, muuza kofia katika duka kubwa la Marshall Field's, aliwagawia wateja wake pai yake ya kuku. Wakabaki, wakanunua. Mwaka 1890 duka likafungua chumba cha chai; 1907 ukaja ukumbi wa Walnut Room, ghorofa ya saba, kuta za mbao za mjozi. Tangu 2006 duka linaitwa Macy's, lakini pai ya Bi Hering bado inapakuliwa.