Jengo la KNCU Moshi na Hukumu ya Kodi: Matengenezo Kwanza

Jengo la KNCU mjini Moshi ni mali ya chama kikuu cha ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Chama hicho kiliundwa mwaka 1933, kikirithi kazi ya chama cha wakulima kilichoanzishwa mwaka 1925. Jengo lilisanifiwa na Ernst May, Mjerumani aliyehamia Tanganyika mwaka 1934, na lilijengwa kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ndani yake ziliwekwa ofisi, maduka, ukumbi, mafunzo ya biashara na vyumba vya wageni. Mkulima aliyeshuka kutoka mlimani kwa shughuli za kahawa aliweza kumaliza kazi zake na kulala chini ya paa la chama chake.

Kuunganisha biashara na malazi namna hii si jambo geni katika historia ya Kiislamu. Mjini Cairo, Sultani Qansuh al-Ghuri alijenga wikala, yaani nyumba ya wafanyabiashara, mwaka 1504-1505 (909-910 Hijria). Katikati kuna uwanja. Ghala na vyumba vya biashara viko chini, nyumba za kupanga ziko juu, na lango kuu ni moja. Kodi yake iliwekwa wakfu kwa ajili ya msikiti, madrasa na majengo mengine ya Sultani. Yeye aliuawa vitani mwaka 1516, na dola yake ikaanguka mwaka uliofuata. Wikala lingalipo, nalo lilikarabatiwa baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1992.

Mafaqihi waliweka kanuni iliyo wazi katika mlango huu: mapato ya wakfu huanza kutumika kulitengeneza jengo lenyewe, kisha ndipo wapewe wanaostahiki. Wanazuoni wa Kihanafi wamesema ni wajibu hata kama mweka wakfu hakulitaja sharti hilo. Sababu yake ni kwamba anayekula kodi huku paa linavuja anakula rasilimali yenyewe, na watakaokuja baada yake hawatakuta kitu.

Ni kweli jengo la Moshi si wakfu. Ni milki ya wanachama. Lakini hao wanachama nao hupita. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na KNCU ikarejea mwaka 1984. Jengo likaishi kuliko chama kilichokuwa kimelijenga. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. La baada ya hapo huhitaji tangazo maalumu la Waziri.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mlinzi wa karibu zaidi wa jengo kama hili ni kodi yake. Wenye mali wakikutana kugawana mapato, swali la kwanza na liwe lile la mafaqihi: jengo limeshapata haki yake?