Kwa nini Pijo 504 haisahauliki Umoja

Leo tuweke programu kando kidogo tuongee magari. Nataka kuongea kuhusu Peugeot 504. Hapa Umoja ni Pijo tu, ukitamka Kifaransa watu watadhani unajidai.

Ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968. Kenya ilikuwa inalijua jina tayari, maana 404 ilishinda Safari Rally mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. 504 nayo ikashinda 1975 na Ove Andersson, kisha 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Wengi huishia hapo: ilipendwa kwa sababu ya rali. Mimi sikubali. Lancer ya Joginder Singh ilishinda 1974 na 1976, na sijasikia mzee wa Eastlands akiililia hivi.

Jibu liko chini ya boneti. Silinda za 504 ni silivu zinazochomoka. Zikilika, fundi anatoa silivu na pistoni, anaweka mpya, bila kupeleka bloku kuchongwa. Sisi wa kompyuta tungesema ni programu iliyogawanywa vizuri, unabadilisha kipande kimoja bila kuvuruga vingine. Tena gari lenyewe liliunganishwa Mombasa, spea zikapatikana Grogan, na ujuzi ukashuka kutoka kwa fundi hadi kwa spana boi wake. Ile stesheni wagoni yenye safu tatu za viti ilibeba familia, magunia, hata jeneza, na ikawa matatu ya safari ndefu.

Ulaya saluni yake ilikoma 1983, lakini hapa kwetu uunganishaji uliendelea miaka mingi baadaye. Kilichoimaliza ni mitumba ya Japani, milango ya uagizaji ilipofunguliwa miaka ya 1990. Nisidanganye, Corolla ni gari zuri, na Pijo ilikuwa inakunywa mafuta kama ngamia.

Lakini kuna kitu kiliondoka nayo. Taa ya injini ikiwaka siku hizi, spana haitoshi, lazima kuwe na mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Kazi yangu ni kuandika programu, na bado ile iliyomo ndani ya gari langu sina ruhusa hata ya kuiona. Fundi aliyelelewa na Pijo anatazama injini iliyofunikwa plastiki, anafunga boneti, ananielekeza kwa vijana wenye leptopu.